Kulala Rubondo na Familia: Panga Safari Kuanzia Kwenye Boti

Nauza chakula Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni, na tangu nianze kazi hii nawasikia wateja wangu wakisema hifadhi ya kisiwa cha Rubondo ni ya wazungu. Mimi nimeshakwenda mara tatu na familia yangu. Tunakuwa watu saba, tunalala kwenye mabanda ya hifadhi pale Kageye, kisiwani, tunajipikia wenyewe, na kila kilichowahi kutuumiza mfukoni kilitokana na kupanga vibaya. Namwandikia mzazi wa Mwanza, Sengerema au Geita anayetamani wanawe walale siku mbili tatu kwenye banda lenye msitu nyuma na ziwa mbele, ili asipitie niliyoyapitia.

Safari ya Rubondo usiipange kuanzia nyumbani kwako. Ianzie kwenye boti, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua. Boti itavuka saa ngapi? Ili uiwahi, ufike Kasenda, mwalo wa kupandia boti, saa ngapi? Ili ufike Kasenda saa hiyo, utoke stendi ya Nyegezi saa ngapi? Na vyakula viwe vimefungwa tangu lini? Ukipanga kutoka mlangoni kwako kwenda mbele, utachelewa mahali, na boti haitakungoja.

Mara ya kwanza tulikata tiketi za basi la saa tatu asubuhi. Lilitoka saa tano. Enzi hizo Kigongo tulikuwa tunavuka kwa kivuko, na siku ile foleni ya magari ilikuwa ndefu. Muganza, mji unaoshukia kwenda Kasenda, tuliingia magharibi, mwanga umeshaanza kufifia. Nikampigia nahodha. Akanijibu kwa upole, "Mama, giza likishaingia sivushi watoto. Laleni huko, kesho mapema nawafuata." Alifanya sawa kabisa na mpaka leo namshukuru. Lakini usiku ule tulilipia gesti Muganza huku banda letu la Kageye, lililokwisha kulipiwa, likiwa tupu, na siku tatu nilizowaahidi watoto zikawa mbili. Mwanangu wa mwisho alilala na viatu miguuni, akisema boti ikija asiachwe.

Unakwenda wapi hasa

Rubondo ni kisiwa kilichoko kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kama kilomita 28, na sehemu kubwa ni msitu mnene. Sokwe wa huko si wa asili ya kisiwa: waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, wakaachiwa msituni wajifunze upya kuishi. Tembo na twiga nao walipelekwa. Wenyeji wa siku zote ni viboko, pongo, mamba, fisi-maji, na nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu anayejificha kwenye mafunjo. Simba hakuna. Chui hakuna. Ndiyo maana kule hutazami wanyama kwa kufungiwa ndani ya gari. Unatembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi.

Kama watoto wako hawajawahi kupanda boti, anzia Saanane. Iko hapahapa mjini, unapandia boti Capri Point na kuvuka ni dakika chache. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani hapo. Nenda Jumamosi moja, uone nani anatapika, nani anaogopa maji, nani anakataa kuvaa jaketi la kuokolea. Ni bora uyajue hayo ukiwa umbali wa kutazama nyumba yako.

Mwezi gani

Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu, na likizo ya Juni inaangukia vizuri. Njia za msituni zinakuwa kavu. Januari na Februari pia huwa kuna nafuu, na ukipenda ndege, wale wanaohama kutoka kaskazini ya dunia huwepo kuanzia Novemba hadi Machi. Machi hadi Mei ni masika. Sikushauri kwenda na watoto.

Simu ya kwanza unayopiga

Piga hifadhini kabla hujamwambia mtoto yeyote. Uliza banda lina vitanda vingapi na choo kiko ndani au nje. Uliza jiko la wageni ni la aina gani, sufuria zipo ngapi, na gesi ni yao au unakuja na yako. Uliza boti inalipiwa yote au kwa kichwa, maana kama ni boti yote, mkijiunga familia mbili kila mmoja anapata unafuu mkubwa. Sisi safari ya pili tulikwenda na wifi yangu na watoto wake kwa sababu hiyo. Uliza pia kiingilio kinahesabiwaje, ili usiingie saa mbaya ukajikuta unalipia siku ambayo hukuitumia.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Usiende umebeba noti ukidhani utalipia mapokezi. Chukua kitambulisho chako cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, na mtoto na mtu mzima hawalipi sawa. Risiti zote zipige picha, kisha mtumie mtu mmoja aliyebaki nyumbani. Huyo huyo mwachie namba ya nahodha na siku mnayotarajia kurudi.

Barabara

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na ile sehemu iliyokuwa inakula saa zetu haipo tena. Hata hivyo panda basi la kwanza la alfajiri. Kutoka Nyegezi, mabasi yanayokwenda Bukoba kwa njia ya Geita hupita Katoro, Buseresere, Chato, kisha Muganza, na Muganza ndipo unaposhuka. Mwambie kondakta mapema, umkumbushe Chato. Hapo mpaka mwalo wa Kasenda ni karibu, bodaboda au bajaji inakufikisha. Wenye fedha wanaruka kwa ndege ndogo kutoka Mwanza. Kisiwani kuna uwanja.

Mimi nahesabu hivi: naiagiza boti ya saa nane mchana, nalenga kuwa Kasenda saa sita. Saa mbili za katikati ni za pancha, mizigo, na mtoto anayetaka haja mara tatu.

Boti

Aliyekulia kando ya ziwa analijua hili hata kama hajawahi kuelezwa sababu. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kuziba nafasi. Ndiyo maana kadiri jua linavyosogea alasiri mawimbi yanaongezeka. Usiku mambo yanageuka: upepo unatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hewa inakutana juu ya maji, na hapo ndipo zinapozaliwa zile radi tunazoziona usiku zikimulika upande wa ziwa. Hivyo muda mzuri wa kuvuka ni asubuhi, mvua za alfajiri zikishapita na upepo wa mchana haujaamka. Kama unaweza kulala Chato au Muganza kwa kupanga, siyo kwa kulazimika kama sisi, vuka saa tatu asubuhi. Ukishindwa, mchana wa mapema. Nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.

Jaketi za kuokolea ziwepo za kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Nina namna ya kupima: mvishe, funga mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi ulivute juu kwa nguvu. Likipita masikio, halimfai. Safari ya pili nahodha alikuwa na mawili ya watoto na sisi tuna watoto wanne. Tulikaa mwaloni karibu saa nzima mpaka mengine yakapatikana, na sikuona aibu kuwachelewesha watu. Mwanza tumezika wengi. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, imebeba watu kupita uwezo wake, na waliokufa ni zaidi ya 200. Ukiona boti imejaa, shuka. Usihesabu hasara ya nauli.

Kwenye boti mizigo mizito ikae chini katikati, na kila mtu akae pale alipokalishwa mpaka mfike.

Ndoo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Beba chakula kana kwamba kisiwani hakuna duka kabisa. Na samaki usitegemee: uvuvi wa biashara hauruhusiwi kwenye maji ya hifadhi, hayo ni mazalia ya sato na sangara. Unaweza kulala unasikia samaki wakiruka na asubuhi huna kitoweo. Nunua Mwanza, au mwishoni kabisa Muganza.

Safari ya kwanza nilifunga chakula kwenye viroba na mabegi. Wimbi moja liliingia ubavuni mwa boti, na kilo tano za mchele zikalowa pamoja na sukari. Tangu hapo natumia ndoo za lita 20 zenye mfuniko, zile zilizokuwa za mafuta ya kula, nimezisugua kwa majivu na maji moto mpaka harufu ikatoka. Kila ndoo ni siku moja. Nabandika karatasi juu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu kuna ya nne, imeandikwa AKIBA, na haifunguliwi mpaka ziwa lichafuke mshindwe kuvuka kurudi. Safari ya tatu tuliifungua. Tulikaa Kageye siku moja zaidi kwa sababu ya upepo, na hakuna aliyelala njaa.

Ndoo ya kwanza ina vitu vinavyoharibika: sato waliokaangwa wakakauka, nyanya ambazo hazijaiva sana, mayai yaliyochemshwa, ndizi. Ya pili ina mchele, maharage niliyoyachemsha nyumbani na kuyaanika kidogo ili yaive upesi, vitunguu, karoti. Ya tatu ni vikavu vitupu, na hii ndiyo Wasukuma walitufundisha zamani kabla ya friji: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), karanga, na dagaa. Matobolwa mtoto anatafuna njiani bila kupikiwa, na kwa chai ya asubuhi hutahitaji mkate. Nsansa unailoweka, unaichemsha na karanga zilizotwangwa, unakula na ugali wa udaga, yaani wa muhogo. Kwa familia yangu ya watu saba mlo mmoja ni kilo moja ya mchele, au kilo moja na nusu ya unga. Ongeza kidogo, maana kutembea msituni kunaleta njaa ambayo mjini hawaijui.

Dagaa wanataka macho. Pale Mwaloni usikubali kufungiwa kabla hujawashika. Chukua wachache, wasugue kiganjani, wamwage, kisha tazama kiganja chako juani. Mchanga ukibaki kwenye mistari ya mkono, hao walianikwa chini, hata ukiwaosha mara ngapi watakwaruza meno. Waliokaushwa juu ya chanja wanaacha magamba yanayong'aa tu. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, ataota ukungu ndani ya ndoo. Nyumbani toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili, anika tena mpaka wakauke, halafu wakaange polepole kwa mafuta machache na chumvi hadi wawe wakavu kama bisi. Wakishapoa kabisa, siyo kabla, tia kwenye kopo. Ukifunika wakiwa na joto, mvuke unawalowesha upya na kazi yote imekwenda bure. Kisiwani unahitaji nyanya na ndimu tu.

Maji ya kunywa chukua ya siku ya kwanza, mengine mtachemsha. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unatosha siku tatu kama unafunika sufuria. Ukubaliane kwanza na hifadhi na nahodha kama unaruhusiwa kuubeba, na usimame wima ndani ya boti. Kuni za msituni haziokotwi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Vikapu na vitenge vinatosha.

Bandani

Mkifika, kabla ya kufungua begi lolote, waite watoto wote mbele ya banda uwaonyeshe mipaka: hapa unafika, pale hufiki. Kwangu kuna sheria mbili za kisiwa. Hakuna anayeingia majini, hata kunawa miguu, kwa sababu ya mamba, na kwa sababu ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya pembeni na kupenya kwenye ngozi. Na jua likizama, mlango haufunguliwi bila mtu mzima kumulika nje kwanza.

Hiyo ya pili ni ya viboko. Usiku hutoka ziwani kuja kula majani, na majani mazuri yako karibu na mabanda. Usiku mmoja niliamka nikasikia nje ya dirisha majani yakikatwa, krup, krup, kama mtu anafyeka kwa panga butu, na kati ya mikato pumzi nzito ya puani. Nilimwamsha mume wangu. Tukasogeza pazia upana wa kidole. Mbalamwezi ilikuwa kali; mgongo wake ulikuwa umelowa, unameta, na ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona tope likianza kukauka kwenye mkunjo wa shingo. Tulisimama pale bila kusema mpaka akasogea. Kama choo cha banda lenu kiko nje, weka ndoo ya usiku ndani. Usimtume mtoto.

Mchana mlango ufungwe pia, tumbili hawabishi hodi. Mfuniko wa ndoo ufungwe kwa kamba. Usiku kuna kanu, mnyama mdogo kama paka, naye ana pua kali. Chandarua angalia matundu kabla ya giza, ubebe sindano na uzi. Umeme usiutegemee: tochi mbili zenye betri mpya, na simu zije zimejaa chaji. Dawa za kila siku za wazee, za homa na za kuharisha ziwe kwenye mfuko wa mtu mmoja anayejua zilipo.

Msituni

Matembezi agiza siku mliyofika. Vaa nguo za mikono mirefu, rangi ya kaki au kijani iliyofifia. Bluu na nyeusi ziache nyumbani, ndorobo (mbung'o) wanazipenda rangi hizo na wanauma kupitia kitambaa. Viatu vifunike kidole. Watoto watembee katikati, askari mbele, mtu mzima nyuma, na hakuna kupiga kelele.

Kuhusu sokwe, waambie watoto ukweli kabla ya kuondoka Mwanza: wanaweza kuwaona, wanaweza wasiwaone. Kisiwa ni kikubwa na sokwe hawafungwi kamba. Kuwafuata kuna masharti ya umri, yaulize kwenye ile simu ya kwanza ili usimpe ahadi mtoto ambaye hatoruhusiwa. Na yeyote mwenye mafua abaki bandani. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kuwaua. Safari ya pili mimi nilikuwa nakohoa. Nilibaki napika, wengine wakaenda, nao waliishia kuona viota vya sokwe juu ya miti, matawi yamekunjwa kama kitanda. Mwanangu wa pili bado anavichora.

Aliyebaki bandani hakosi kitu. Kaa kivulini utazame ufukwe. Furukombe ana kichwa cheupe, ukimsikia akilia usigeuke haraka, tafuta mti mrefu ulio karibu na maji. Mbega wanaruka mchana kutwa, manyoya yao meupe yanafuata nyuma kama shuka. Kenge anapita zake.

Kurudi

Boti ya kurudi ukubaliane na nahodha siku ya kwenda, saa na siku, na umkumbushe nahodha jioni ya kuamkia safari. Iwe ya asubuhi. Tiketi ya basi la Mwanza usikate mpaka miguu iko Kasenda. Usiku wa mwisho funga kila kitu isipokuwa birika na vikombe. Taka zote zinarudi nanyi: ndoo ya kwanza, ambayo sasa ni tupu, ndiyo ya taka, na ndiyo inayotangulia kupandishwa botini kabla ya mabegi, kwa sababu ikiachwa ya mwisho ndiyo inayosahaulika.